Usiitoe themostati: injini ya 2UZ-FE katika barabara za Mtwara

Ndugu na jirani wanaotaka kununua Land Cruiser VX ya petroli iliyokwisha kutumika huniuliza kama injini yake ya silinda nane, ile V8, haitawasumbua. Jibu langu halijabadilika: injini yenyewe ni imara kuliko nyingi zinazopita katika barabara zetu, na V8 nilizoziona zikifunguliwa hedi, yaani kifuniko cha juu cha silinda, katika gereji za huku kusini, nyingi zilifikishwa hapo na joto, wala si na uzee.

Injini ninayoizungumzia ni 2UZ-FE, ambayo Toyota iliifunga kwenye Land Cruiser ya mfululizo wa 100 kuanzia mwaka 1998. Ina silinda nane na ujazo wa sentimita za ujazo 4,664, na toleo la Japani la gari hilo lilitoa nguvu za farasi 235. Nguvu yake kubwa ya kuvuta hupatikana kwenye mizunguko 3,600 hivi kwa dakika, kiwango ambacho dereva mwenye mzigo hukifikia bila kuikamua injini. Uwiano wa mgandamizo ni 9.6 kwa 1, kwa hiyo petroli ya kawaida ya vituo vyetu inaitosha. Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba bloku yake, yaani mwili wa injini wenye silinda, ni ya chuma cha kusubu, ilhali ndugu zake 1UZ na 3UZ zilizofungwa kwenye magari ya Lexus yenye kimo cha chini zina bloku ya alumini. Hedi, hata hivyo, ni za alumini, na hapo ndipo udhaifu ulipo: joto likipita kiasi, bloku huvumilia lakini hedi hujipinda na gasketi inayoziba kati yake na bloku huungua.

Kwa matumizi ya mafuta, anayeinunua ajue mapema kwamba kilomita sita kwa lita ni hesabu ya haki. Tangi kuu la lita 96 linamfikisha Dar es Salaam kutoka Mtwara, mwendo wa takribani kilomita 560, likiwa karibu kukauka.

Sasa nirudi kwenye joto. Gari lililojaa watu na mizigo linapopanda kuelekea Newala juu ya uwanda wa Makonde, injini hufanya kazi kubwa huku mwendo ukiwa mdogo, kwa hiyo upepo unaopita kwenye rejeta ni ule tu unaovutwa na feni. Feni hiyo huendeshwa kupitia klachi yenye mafuta ya silikoni. Mafuta hayo yakivuja au yakizeeka, feni huzunguka kivivu na mshale wa joto huanza kupanda mlimani, ingawa barabara ya tambarare ya Mikindani haikuonyesha dalili yoyote. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, izungushe feni kwa mkono. Ikizunguka kwa wepesi mara kadhaa bila kukaza, klachi imekwisha.

Bahati mbaya, gari kama hilo likifika gereji, tiba ya kwanza inayopendekezwa mara nyingi ni kutoa themostati, ile vali inayofungua na kufunga njia ya maji ya kupozea kulingana na joto, kwa hoja kwamba kifaa hicho ni cha nchi za baridi. Naiheshimu kazi ya mafundi wetu, lakini katika hili naomba wanisikilize. Themostati ya 2UZ iko upande ambao maji yanaingia kwenye injini kutoka kwenye rejeta, na ina sahani ya pili mkiani. Inapofunguka, sahani hiyo huziba njia ya mkato ambayo maji ya moto huitumia kurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto inaendelea kuzunguka humo ndani bila kupozwa, hasa mzigo unapokuwa mkubwa. Ndiyo maana vitabu vya ufundi vya Toyota vinaonya wazi kwamba themostati isiondolewe hata kama injini inachemka.

Kuipima hakuhitaji mashine. Ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji juu ya jiko la mkaa, isiguse chini. Maji yakianza kutoa viputo vidogo kabla hayajachemka, kwenye nyuzi 80 hadi 84 hivi, utaiona vali ikijisukuma taratibu na mwanya ukitokea pembeni. Isipofunguka mpaka maji yanatokota, nunua nyingine ya Toyota, tena halisi.

Maji ya kujazia nayo yana uzito wake. Visima vingi vya pwani yetu vina maji ya chumvi au ya chokaa, na maji hayo hula alumini na kuacha ukoko ndani ya mirija ya rejeta. Tumia kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupozea injini, iliyochanganywa na maji safi yaliyotolewa madini. Wakati wa kukagua, tazama tangi la juu la rejeta, ambalo ni la plastiki: likishageuka rangi ya kahawia limechoka. Kwenye magari yenye hita ya nyuma, papasa pia viungio viwili vya plastiki vya umbo la T vilivyo karibu na ukuta wa injini. Vikizeeka huvunjika kama biskuti, na kulanti yote humwagika njiani, labda katikati ya pori la Nangurukuru usiku.

Mkanda wa taimingi, unaooanisha mwendo wa vali na wa pistoni, ni wa mpira, si mnyororo. Desturi ya Japani ni kuubadilisha kila kilomita 100,000, na kwa kuwa mkanda huohuo ndio unaozungusha pampu ya maji, vibadilishwe pamoja, na kikaza mkanda kikiwemo. Muuzaji asiyeweza kuthibitisha ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haujabadilishwa. Oili ni takribani lita 6.8 pamoja na filta, na kwa vumbi letu mimi nabadilisha kila kilomita 5,000.

Yapo mengine ya kusikiliza na kuchungulia. Mlio wa tik-tik injini ikiwa baridi, unaopotea ikipata moto, kwa kawaida ni manifodi ya eksozi (bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye silinda) iliyopasuka. Unaudhi lakini hauiui injini. Starta imefichwa bondeni kati ya safu mbili za silinda, chini ya manifodi ya hewa, hivyo kuibadilisha ni kazi ya siku nzima. Panya nao hupapenda hapo na hutafuna waya za vitambuzi vinavyohisi injini ikigonga. Kwa hiyo anayelilaza gari karibu na ghala la korosho wakati wa msimu afungue boneti mara kwa mara na kumulika bonde hilo kwa tochi kabla ya kuwasha.