Mwanangu na kadi ya mfukoni

Mwanangu ana usonji (autism) na skuli keshamaliza. Hesabu ya chenji hakosei hata shilingi. Kinachomtesa ni jambo kubadilika ghafla. Nilikuwa nikimtuma samaki wa changu soko la Darajani, hapa Unguja, akiambiwa hakuna, anaganda pale pale mbele ya meza, vidole vinapepea, watu wanampita wakimsukuma.

Tulianza na michezo ya kumbukumbu kwenye simu. Akaiweza yote, lakini sokoni hali ile ile. Ndipo nikasoma habari za tiba iliyojaribiwa Pittsburgh, Marekani, na watafiti kina Shaun Eack na Nancy Minshew. Matokeo yalitoka 2018: watu wazima 54 wenye usonji waligawiwa makundi mawili, na kwa miezi 18 kundi moja likafanya mazoezi ya umakini, kumbukumbu na kutatua matatizo kwenye kompyuta, wawili wawili, pamoja na vikao vya kujifunza kuuona upande wa mwenzio. Kompyuta sina, mtaalamu sina. Lakini wawili wawili naweza! Nikamwita binamu yake, hirimu yake.

Wanakaa barazani baada ya alasiri. Mmoja anapanga safari, mwengine anaivuruga: "Gari la Bububu limejaa, utafanyaje?" Hapo hakuna kumharakisha mwanangu, hata akinyamaza muda mrefu. Jibu akilipata analiandika kwa mkono wake kwenye kadi. Ya samaki inasema: "Changu hakuna, nunua tasi. Tasi hakuna, mpigie Mama." Naamini kinachosaidia ni kwamba maneno ni yake. Kadi niliyoandika mimi hakuigusa.

Sokoni walianza kwenda pamoja, kisha binamu akawa anamfuata kwa mbali, kisha anamsubiri nje. Kumtazama mtu machoni simlazimishi, maana anasikia vizuri zaidi akiangalia pembeni, na samaki hawauzwi kwa macho.

Juzi kaenda peke yake. "Ami, changu wapo?" Hawapo. Akashika mfuko wenye kadi, hakuitoa, akasema, "Basi nipe tasi." Akanipigia hata hivyo, kunambia tu kwamba tasi kapata. Nilikuwa jikoni, nikalia kwa furaha.

Sasa wanajifunza kupatana bei, kwa sababu akitajiwa yoyote analipa hapo hapo. Binamu ndiye muuzaji, na nimemwambia asimrahisishie.