E inayoimbwa, e inayomezwa

Lilikuwa darasa la vijana wa miaka 14 na 15, mwaka wao wa pili wa Kifaransa, na kipindi cha dakika 80. Wimbo niliouchagua ulikuwa wa mwendo wa taratibu, wa dakika tatu hivi, wenye kiitikio kinachorudi mara nne. Vijana hupenda zaidi rapu, lakini silabi zake hukimbia mno kwa sikio la mwaka wa pili.

Mara ya kwanza walisikiliza bila karatasi. Kadi nyekundu juu kila wanaposikia irabu ya neno la Kifaransa *tu* (wewe), kadi ya bluu kwa irabu ya *tout* (yote), inayosikika kama *u* yetu. Irabu ya *tu* haimo katika Kiswahili: midomo huviringwa kama ya *u*, ulimi ukibaki mbele kama wa *i*. Kadi zilionyesha papo hapo nani anasikia tofauti na nani anamtazama jirani, jambo ambalo kuimba kwa pamoja hulificha.

Kisha nikagawa karatasi yenye mapengo tisa. Mengi yalikuwa mwishoni mwa mstari, ambapo kina humsaidia mtu kukisia, na hakuna mistari miwili iliyofuatana yenye pengo, maana anayeandika neno hausikii mstari unaofuata. Nilisimamisha wimbo baada ya ubeti mzima.

Wakaimba, na wakaimba vizuri sana. Nikawaomba waseme kiitikio bila sauti ya wimbo. *Petite* ikatoka na silabi tatu: pe-ti-te. *Elle* ikawa na mbili. Hapo ndipo wimbo humponza mwanafunzi. Mwimbaji huipa *e* ya mwisho noti yake ili mstari utimie. Katika mazungumzo *e* hiyo humezwa, ingawa kusini mwa Ufaransa wengi bado huitamka. Nasi tuliozoea silabi zinazoishia kwa irabu huipokea kama ndugu.

Niliacha wimbo wetu, nikaandika ubaoni *Frère Jacques*. Kwa kuimba: frè-re-Jac-ques, noti nne, makofi manne. Kwa kusema: makofi mawili tu. *Sonnez les matines*: sita, kisha matano. Tulirudia hadi makofi yakawa ya pamoja, na kwa zoezi hili sioni haya kuwaimbisha vijana wimbo wa watoto, kwa sababu wanaujua tayari na akili yote inabaki kwenye silabi.

Waliporudi kwenye karatasi walikata kwa penseli kila *e* ya mwisho isiyo na alama juu yake. Binti mmoja akanyoosha mkono.

“Mwalimu, mbona hapa kwenye *elle arrive* mwimbaji mwenyewe hakuiimba?”

Alikuwa amegundua kanuni peke yake: *e* hiyo ikifuatwa na irabu, hata wimbo huimeza.

Dakika zilizobaki zilikwenda kwa *je sais pas*, yaani “sijui”. Nyimbo nyingi huangusha *ne*, nusu ya kwanza ya ukanushi *ne … pas*, kama watu wanavyoongea, na kijana akiibeba hivyo hadi kwenye insha ya mtihani atapoteza alama. Tukachora safu mbili daftarini, ya kinywa na ya kalamu, *je sais pas* upande huu, *je ne sais pas* upande ule. Kazi ya nyumbani ikawa kurekodi kiitikio kwa simu, kwa kusema tu, bila kuimba.