Kumbe tulichimba nusu mwezi kinyumenyume

Miaka miwili chuoni nachora bustani tu, kwenye laptopu kila kitu kiko poa, ukoka kijani, njia za pevingi, miti imejipanga kama gwaride. Halafu likizo tukaenda kujitolea shule moja ya msingi huko Chamwino, Dodoma, na siku ya kwanza tu nikaona mchoro wangu unataka mvua ya Bukoba 😅

Kule mvua ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, na ikija inakuja kwa fujo, udongo mgumu kama sakafu kwahiyo maji yanapita juu juu yanabeba na udongo wenyewe, korongo limefika mlangoni kwa darasa la tatu. Sisi wasomi tukaleta wazo la mtaro wa zege wa kuyatoa maji nje. Babu mmoja wa kamati ya shule akauliza tu, "Sasa mkishayafukuza, mwezi wa nane mtayaita?"

Basi zege likaishia hapo, tukashika majembe. Unachimba shimo la nusu mwezi, yaani lenye umbo kama mwezi mchanga, upana mita tano hivi, udongo unaotoka unakuwa tuta upande wa chini, maji yakishuka yanakaa humo yanazama taratibu. Kontua, yaani mstari wa usawa mmoja kwenye mteremko, tulipima kwa fito tatu zilizofungwa kama herufi A na kamba yenye jiwe inaning'inia katikati, ukweli ile kitu ilinifundisha mteremko kuliko semista nzima.

Kundi letu tukachimba 11, safi kabisa, na picha tukapiga. Kumbe tumezigeuza! Mgongo unaangalia mlimani, mdomo bondeni. Babu alicheka mpaka akakaa chini, "wajukuu zangu, nyie mmefunika bakuli halafu mnasubiri uji". Tukarudia zote 11, na malengelenge juu.

Kitu kingine ni kisiki hai, yaani kukuza mti kutoka kwenye kisiki kinachochipua. Mimi nimeenda na bajeti ya miche 200, nyuma ya madarasa kuna visiki kibao vinachipua ila watu wanaviona vichaka tu. Unachagua machipukizi mawili matatu yaliyonyooka, mengine unakata, unafunga kitambaa watoto wajue hapo hapaguswi. Mizizi ishashika zamani huko chini, haikungojei na ndoo. Mwisho tukanunua miche 30 tu, mwarobaini na mkwaju, ya kivuli pale wanapokulia uji. Ukoka nikaufuta mwenyewe bila kuambiwa (nani angeumwagilia na maji ya kununua kwa ndoo jamani).

Januari mwalimu akatuma picha kwenye grupu la WhatsApp, mashimo tisa yamejaa maji, mawili tuta limekatika. Hayo mawili ndo niliyashindilia mimi jioni ile nimechoka, na babu anajua, maana voisi noti yake ilikuwa fupi tu: "Mwambieni yule mrefu aje na jembe lake."