Kumbukumbu ya mradi: kuijenga upya lupu ya "Money" kwa mkanda, rula na wembe

Wakuu habari zenu. Ule mradi niliokuwa nauongelea sasa umeanza kutoa sauti, kwa hiyo naweka kumbukumbu kabla sijasahau vipimo. Najenga upya mwanzo wa "Money", wimbo unaofungua upande wa pili wa The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd, zile sauti za sarafu na mashine ya keshia zinazozunguka kabla gitaa la besi halijaingia. Hiyo ndo lupu, yani mkanda ulioungwa ncha kwa ncha ili sauti zijirudie. Na naijenga kwa njia yao wenyewe, yani mkanda wa sumaku unaukata kwa wembe na kuuunganisha tena. Kwenye laptopu ni kazi ya nusu saa, najua, ila kila nikiitengeneza kwenye laptopu inatoka imenyooka mno, haina ule mwendo, nikasema hapa lazima nikae na mkanda mkononi nielewe.

Kwa asiyeijua albamu: ilitoka Machi 1973, walirekodi Abbey Road pale London kuanzia 1972, bendi ni watu wanne, Roger Waters, David Gilmour, Richard Wright na Nick Mason, na fundi mitambo alikuwa Alan Parsons ambaye hata miaka 25 alikuwa hajafikisha. Marekani ilishika namba moja wiki moja tu lakini ikakaa kwenye chati ya Billboard jumla ya wiki 741 mpaka 1988. Watu wanapenda sana kuongelea hiyo namba na lile kava la mwanga unaopita kwenye kioo cha pembetatu. Mimi kinachonishika ni kwamba hakuna kompyuta hata moja mle ndani, yale mapigo ya moyo yanayofungua albamu ni ngoma kubwa ya Mason tu, na vitu vingi vya ajabu unavyovisikia ni mtu na mkasi.

Sasa lupu yenyewe. Wimbo una midundo saba kila mzunguko badala ya minne tuliyoizoea, kwa hiyo walihitaji sauti saba, moja kwa kila mdundo. Waters ndo alianza nayo kwenye banda la bustanini kwake alikokuwa na vifaa vya kurekodia, akizungusha sarafu kwenye bakuli kubwa ambalo mkewe alilitumia kwa kazi zake za ufinyanzi. Mason akachukua senti za zamani akazitoboa, akazitungia uzi. Karatasi ikachanwa mbele ya maiki, sauti za mashine za keshia zikatoka kwenye maktaba ya sauti. Halafu kila kipande cha mkanda kikapimwa kwa rula, vikakatwa urefu sawa, vikaunganishwa. Ndo hivyo tu. Hiyo rula ndo iliyonifanya nianze huu mradi, nilipojua tu kwamba walipima mdundo kwa rula nikaona hii naiweza.

Mashine

Natumia mashine ya kurekodia ya mkanda wa magurudumu mawili aliyoniachia mjomba, alikuwa anarekodia dansi enzi zake, inakwenda sentimita 19 kwa sekunde na ikikaa vizuri inakwenda 38. Nimebadilisha belti ya ndani inayozungusha na nimesafisha vichwa, vile vinavyorekodi na kusoma sauti kwenye mkanda, kwa spiriti mpaka pamba ikawa inatoka nyeupe. Wembe ni ule wa kawaida wa kunyolea, ila angalia sana usiwe na sumaku, ukikata mkanda kwa wembe uliogusana na sumaku unaacha kishindo kidogo kwenye kila kiungo na hakitoki. Na selotepu ya kawaida usitumie kabisa, gundi yake inavuja pembeni inaenda kukaa kwenye kichwa, tafuta ile maalumu ya kuungia mkanda.

Sauti saba

Hapa ndo nilipofurahi kuliko popote. Senti za Mason ilibidi zitobolewe, sisi tulikuwa nazo zimetobolewa tayari! Bibi ana kopo la senti za Afrika Mashariki za mkoloni, zile zenye tundu katikati na pembe za ndovu pembeni, nikamwomba nikazitunga kwenye uzi wa kushonea viatu nikazitikisa mara moja kwa nguvu mbele ya maiki. Zinalia nyembamba, kali, zinakatika haraka, na kwa lupu hiyo ndo sifa unayoitaka. Bibi akaniuliza hela za King George zimekuwa muziki lini, nikamsikilizisha, akasema rudisha zote kwenye kopo ukimaliza.

Nyingine ni sarafu za sasa zikimwagwa kwenye bakuli la udongo, karatasi ya kaki ikichanwa, noti mpya zikihesabiwa kwa kidole karibu kabisa na maiki, muhuri wa risiti ukigongwa mezani, na kufuli la kisanduku cha chuma. Mashine ya keshia ya zamani sina, kwa hiyo nilienda dukani kwa Mangi akaniruhusu nirekodi droo yake ya mbao ikifunguliwa, halafu nyumbani nikaongezea kengele ya baiskeli juu yake, na kwa kweli ukisikia huwezi kubisha.

Hesabu

Nimechagua midundo 120 kwa dakika ili hesabu iwe nyepesi. Mdundo mmoja nusu sekunde, mkanda unapita sentimita 19 kwa sekunde, kwa hiyo kila kipande ni sentimita 9.5 na lupu nzima sentimita 66.5. Kwa kasi ya 38 inakuwa mara mbili, 19 kwa kipande, na hiyo ndo niliyobaki nayo, kwa sababu kosa la milimita moja ukikata kwenye kasi kubwa halisikiki sana, na pia lupu ya sentimita 133 unaweza kuizungusha kwenye stendi ya maiki pembeni ya mashine ikakaa imekaza vizuri. Ikilegea mkanda hausogei vizuri kwenye kichwa na sauti inafifia inarudi inafifia.

Kilichonishangaza

Vipande vyote saba urefu sawa kabisa, nimepima na kurudia, na bado masikio yanasema karatasi imechelewa. Nikasikiliza usiku kucha karibu, nikaelewa. Rula inapima mkanda, haipimi sauti. Sarafu ikigonga inaanza palepale, kali, lakini karatasi ikichanwa inapanda polepole, kwa hiyo hata kama kipande kimeanza kwa wakati sikio linasubiri mpaka sauti ifike juu ndo linasema haya mdundo huu hapa. Kwa hiyo urefu wa kipande unabaki uleule ila unachagua uanze kukata wapi ndani ya sauti. Karatasi nimekata mwanzo wake wote, inaingia ikiwa tayari inachanika. Noti nazo hivyohivyo. Senti za bibi nimeziachia pumzi kidogo mbele.

Na kuna suala la pembe ya mkato. Ukikata mshazari nyuzi 45 kwenye mkanda wenye upana wa milimita 6.35, sauti moja inaingia huku nyingine ikitoka kwa urefu huohuo wa milimita 6.35, na kwa kasi ya 38 hiyo ni kama sekunde 0.017, kidogo sana lakini inalainisha. Ukikata wima inaingia kwa ghafla. Nimekata wima kabla ya sarafu na muhuri, mshazari kabla ya karatasi na noti. Baada ya hapo ndo lupu ikaanza kutembea, na mwendo niliokuwa nautafuta kwenye laptopu ulikuwa hapo, kwenye maamuzi madogomadogo ya nani aanze wapi.

Kupiga juu yake

Jumapili alikuja jamaa yangu wa besi, tukaiwasha. Kuhesabu saba kunamchanganya mtu mwanzoni, yeye alikuwa anagawa nne na tatu, mimi nikimwambia aache kugawa afuate kengele ya droo tu kila ikirudi ndo mwanzo. Ikakaa. Kumbuka hata Gilmour solo yake ya gitaa wanaipiga kwenye midundo minne, saksafoni ya Dick Parry ndo inabaki kwenye saba, na ile solo ya Parry ukishajua hilo unaisikia kwa heshima nyingine kabisa.

Pia tumejaribu kitu alichokielezea Parsons: bendi ilipiga ikifuata lupu, yeye akaipunguza sauti taratibu kabla ya kuimba kuanza, bendi ikaendelea yenyewe na kuongeza mwendo kidogokidogo, halafu baadaye kabla ya saksafoni akaipandisha sauti tena kidogo na kwa bahati ikaangukia kwenye mdundo. Sisi tulipoirudisha haikuangukia, tulikuwa mbele kama nusu mdundo, ila tutairudia mpaka tuone inatokeaje.

Kinachofuata ni saa za "Time", wimbo mwingine wa albamu hiyohiyo unaoanza na saa zikigonga. Parsons alizirekodi moja moja kwenye duka la saa za kale, kwa kazi nyingine ya majaribio ya sauti ya spika nne, ndo zikaja kupangwa zilie pamoja. Nimeshapata moja ya ukutani inayogonga, ya mzee wa msikitini, na nyingine ya kengele mbili juu. Nahitaji nne zaidi za aina tofauti, ziwe za kutia ufunguo, za betri hapana. Mwenye nayo nakuja na maiki yangu, sichukui saa.