Usiku Nilipoiona Nyota Iliyopasuka

Ilikuwa Mei 2023, mwezi ndiyo kwanza umeandama, na usiku ulikuwa na giza la kutosha. Habari zilishaenea kwamba tarehe 19 Koichi Itagaki wa Japani, mtu anayechunguza anga kwa mapenzi tu, aliona nukta mpya, nyota iliyopasuka, ndani ya M101, galaksi moja, yaani mkusanyiko mkubwa mno wa nyota. Mzee aliyenifundisha kutumia darubini akanipigia simu: "Njoo leo hii, mwanangu. Nyota haikungoji."

M101 iko karibu na mkia wa kundinyota la Dubu Mkubwa. Ziunganishe nyota mbili za mwisho wa mkia na galaksi hiyo, utapata pembetatu ya pande zinazokaribia kulingana. Kujua ilipo si kazi. Kuiona ndiyo balaa! Vitabu husema mwangaza wake ni wa daraja la 8 hivi, kipimo ambacho kwa nyota moja darubini ndogo tu hutosha kuiona, nawe ukadhani itajitokeza yenyewe. Kumbe mwangaza wote huo umetandazwa kwenye eneo linalokaribia upana wa mwezi mpevu, kwa hiyo kila kipande chake ni hafifu mno. Nilikodoa hadi machozi yakanitoka.

"Usiikazie macho," Mzee akasema. "Tazama pembeni yake kidogo."

Kwenye giza, pembeni mwa jicho huhisi mwanga hafifu kuliko katikati. Nikahamisha macho, na ukungu ukatokea. Ukungu tu. Ile mikono iliyojisokota, ile buluu na yale madoa mekundu ya pichani, sikuona hata kimoja. Kamera hukusanya mwanga kwa saa kadhaa. Jicho halina subira hiyo, na wanaouza darubini hawapendi kukuambia.

Lakini ndani ya ukungu ule palikuwa na nukta kali. Galaksi yenye upana wa takriban miaka ya nuru 170,000 (mwaka mmoja wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka), iliyojaa nyota mabilioni kwa mabilioni, na niliyoweza kuibagua ni hii moja iliyokufa: jitu kuu jekundu lililoishiwa fueli, kiini kikaporomoka, matabaka ya nje yakarushwa angani.

"Kwa hiyo imepasuka wiki hii?" nikauliza.

Mzee akacheka. "Wiki hii! Mwanga huu umesafiri miaka milioni 21, mwanangu. Ulipoanza safari, binadamu hata hawakuwapo."

Kisha akanisogeza kando ili naye atazame, na darubini sikuigusa tena mpaka mawingu yalipotanda.