Hesabu mistari kabla ya kuandika SELECT

Somo la kwanza la kanzidata chuoni hufundisha kuunda jedwali, kuingiza data na kuisoma kwa amri ya SELECT. Somo la pili ndilo linalowatoa watu jasho, kwa sababu makosa yake hayapigi kelele. Ukisahau kufunga mabano, PostgreSQL, programu ya kanzidata, inakukatalia papo hapo. Ukikosea kuunganisha majedwali, inakupa jibu lililopangwa vizuri, na la uongo.

Dawa ninayoiamini ni kujiuliza jambo moja mbele ya kila jedwali: mstari mmoja hapa unasimama badala ya nini? Ukishalijua hilo, unaweza kukadiria jibu litakuwa na mistari mingapi kabla hujaligusa.

Chukua mfumo wa chuo wenye majedwali matatu. Katika `wanafunzi`, mstari mmoja ni mtu mmoja. Katika `usajili`, ni mtu mmoja kwenye kozi moja katika muhula mmoja. Katika `malipo`, ni risiti moja. Mwanafunzi amesajili kozi 5 na amelipa ada kwa awamu 2, kila moja shilingi 400,000. Unataka idadi ya kozi zake na jumla ya ada yake, basi unaunganisha majedwali yote matatu kwa namba ya mwanafunzi. Kila kozi inakutana na kila risiti: 5 mara 2, mistari 10. `SUM(kiasi)` inatoa 4,000,000 badala ya 800,000, na `COUNT(*)` inatoa 10.

Hapo wengi hukimbilia DISTINCT, neno linaloondoa marudio. Idadi ya kozi itarudi 5, na moyo utatulia. Lakini `SUM(DISTINCT kiasi)` itatoa 400,000, kwa kuwa awamu zote mbili ni sawa na moja imetupwa. Mwanzo ulimzidishia mwanafunzi, sasa umemdhulumu. Kinachotakiwa ni kujumlisha kila upande peke yake hadi ubaki mstari mmoja kwa mtu mmoja, ndipo uunganishe:

```
WITH ada AS (
  SELECT namba, SUM(kiasi) AS jumla
  FROM malipo GROUP BY namba
), kozi AS (
  SELECT namba, COUNT(*) AS idadi
  FROM usajili GROUP BY namba
)
SELECT w.namba, w.jina,
       COALESCE(k.idadi, 0) AS kozi,
       COALESCE(a.jumla, 0) AS ada
FROM wanafunzi w
LEFT JOIN kozi k ON k.namba = w.namba
LEFT JOIN ada a ON a.namba = w.namba;
```

LEFT JOIN humbakiza kila mwanafunzi hata asiye na kozi wala risiti, kwa hiyo jibu lazima liwe na mistari sawasawa na ya `wanafunzi`. Ikizidi au ikipungua, usiendelee mbele mpaka ujue kwa nini. Sababu ya kawaida ya kupungua ni kuongeza sharti la jedwali la kulia kwenye WHERE, kwa mfano `WHERE k.idadi > 3`. Asiye na kozi ana NULL, yaani hakuna thamani, NULL haipiti sharti hilo, na LEFT JOIN yako imegeuka JOIN ya kawaida. Kama unataka kuwabakiza wote, weka sharti kwenye ON.

NULL ina mtego mwingine mbaya zaidi. Unatafuta wasiolipa kwa `namba NOT IN (SELECT namba FROM malipo)`. Siku moja fedha inaingia benki bila namba ya mwanafunzi, na mstari mmoja wa `malipo` unabaki na NULL. Kuanzia hapo jibu ni tupu, kana kwamba chuo kizima kimelipa. SQL haiwezi kuthibitisha kwamba namba fulani si sawa na kitu kisichojulikana, kwa hiyo hakuna mstari unaopita. Tumia NOT EXISTS, nayo haiathiriki.

Swali hilohilo la mstari ndilo linalochagua ufunguo msingi, yaani safu zinazoutofautisha kila mstari na mwingine. Ukiweka `(namba, msimbo)`, yaani mwanafunzi na msimbo wa kozi, peke yake kwenye `usajili`, anayerudia kozi mwaka unaofuata atakataliwa, au mtu atafuta alama za zamani ili mpya ziingie. Ongeza muhula. Na sapu? Mtihani wa pili wa kozi ileile katika muhula uleule ni tukio jingine, hivyo alama zinahitaji jedwali lao lenye namba ya jaribio. Jina la mhadhiri nalo halikai kwenye `usajili` ikiwa kila kozi ina mhadhiri mmoja kwa muhula: linategemea kozi na muhula tu, si mwanafunzi. Likikaa humo, kubadilisha mhadhiri wa darasa la watu 300 ni kurekebisha mistari 300, na ukisahau mmoja data inajipinga yenyewe. Hiyo ndiyo maana ya kanuni ya pili ya usawazishaji (2NF), na ni rahisi kuielewa hivi kuliko kukariri tafsiri yake.

Kuhusu kasi, usijifunze kwa jedwali la mistari 20. Tengeneza mistari 1,000,000 kwa `generate_series`, kisha endesha `EXPLAIN ANALYZE`, inayoonyesha njia iliyotumika kupata jibu. Linganisha mistari iliyokadiriwa na iliyopatikana kweli, ukikumbuka kuwa zote mbili ni za mzunguko mmoja, na iliyopatikana ni wastani; zidisha kwa `loops`, idadi ya mizunguko, pale tu unapotaka jumla. Makadirio yakiwa 1 na ukweli 90,000, huenda kipangaji, sehemu ya PostgreSQL inayochagua njia ya kutafuta jibu, kimetumia takwimu zilizochakaa. Anza na amri ya `ANALYZE`, inayokusanya takwimu upya, kwenye jedwali hilo.

Faharasa (index) ya `(muhula, msimbo)` husaidia anayetafuta kwa muhula, lakini mara nyingi haimfai sana anayetafuta kwa msimbo pekee. Ukiandika `EXTRACT(YEAR FROM tarehe) = 2024`, faharasa ya kawaida ya `tarehe` haitumiki; andika `tarehe >= '2024-01-01' AND tarehe < '2025-01-01'`. Tena PostgreSQL haitengenezi faharasa yenyewe upande wa jedwali linalobeba ufunguo wa kigeni, yaani safu inayorejelea jedwali jingine, tofauti na InnoDB ya MySQL, kwa hiyo `malipo.namba` iwekee mwenyewe.

Na kumbuka `EXPLAIN ANALYZE` huendesha amri kweli. Kabla ya kuipima DELETE, andika BEGIN kwanza, soma matokeo, kisha ROLLBACK ili kuitengua.