Umeme wa jotoardhi kwenye visima vya mafuta: anza kwa kupima maji

Penye mafuta na gesi pana mashimo marefu yaliyokwisha kuchimbwa, na chini ya mashimo hayo pana joto. Ndiyo maana wazo la kugeuza visima vya zamani kuwa vyanzo vya umeme halifi, na kila linaporudi hutajwa idadi ya visima vilivyotelekezwa. Idadi hiyo haitupi picha yoyote ya umeme. Tunachotaka kujua ni lita ngapi za maji ya moto zinafika juu kila sekunde, na zikiwa na nyuzijoto ngapi.

Hesabu ya kwanza haihitaji kompyuta. Katika maeneo mengi ya miamba ya mashapo joto huongezeka kwa nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi kila kilomita unayoshuka. Kama wastani wa joto la juu ni nyuzi 15, kisima cha kilomita 3 kitakuwa na nyuzi 90 hadi 105 chini. Tuseme maji yanatoka na nyuzi 100 na mtambo unayapoza hadi 70. Kila lita kwa sekunde inaachia kilowati 125 za joto. Kwa joto dogo kiasi hiki, asilimia 8 ya joto hilo kuwa umeme ni makadirio ya haki, yaani kilowati 10. Toa umeme unaoliwa na mtambo wenyewe kwa pampu na feni za kupozea, mara nyingi robo nzima, zinabaki 7 au 8. Ukitaka megawati moja unahitaji lita 130 hivi kwa sekunde, sawa na mapipa 70,000 kwa siku.

Hapo ndipo kisima kimoja kilichokauka kinapoangukia. Kilijengwa kwa ajili ya mafuta, bidhaa yenye thamani kubwa kwa kila pipa, kwa hiyo mabomba yake ni membamba. Bomba la ndani la uzalishaji mara nyingi lina uwazi wa milimita 62. Pitisha humo lita 10 kwa sekunde kwenye urefu wa mita 3,000: msuguano peke yake unakula shinikizo la baa 47 hivi, na pampu yenye ufanisi wa asilimia 60 itataka karibu kilowati 80 kulishinda. Maji hayo yangekupa kilowati 100 kabla ya makato. Ukiling'oa bomba hilo na kutumia bomba la ukuta, lile pana linaloshikilia kuta za kisima, lenye uwazi wa milimita 124, msuguano unashuka mara 32 na pampu inataka kilowati 2 au 3 tu. Tatizo ni kwamba bomba la ukuta la kisima cha zamani huenda limeliwa na kutu, saruji iliyo nyuma yake imepasuka, na matundu yalitobolewa kwenye tabaka la mafuta, wala si kwenye tabaka lenye maji mengi. Kagua uimara wake kwa vipimo kabla ya kuahidi chochote.

Wengine hupendekeza kuzungusha maji ndani ya bomba lililofungwa chini, bila kugusa mwamba. Mtiririko unadhibitika, lakini mwamba hupitisha joto polepole mno: eneo linalozunguka kisima hupoa, na baada ya miezi michache unabaki na joto linalofaa kupasha majengo, si kuendesha tabaini, mashine inayozungushwa ili kuzalisha umeme.

Fursa ya kweli iko kwenye visima vinavyofanya kazi. Uwanja wa mafuta uliozeeka unaweza kutoa maji zaidi ya asilimia 90 ya kila kinachopanda, na gharama ya kuyapandisha imekwisha kulipwa na mafuta. Yanakusanywa mahali pamoja, yanatenganishwa, kisha yanarudishwa ardhini na joto lake likiwa halijatumika. Kwenye uwanja wa mafuta wa Teapot Dome huko Wyoming, Marekani, mtambo wa kilowati 250 ulisimikwa mwaka 2008 kutumia maji ya namna hiyo. Ni umeme mdogo, lakini unatumika palepale kwenye pampu za uwanja, hivyo hauhitaji njia ndefu ya kusafirishia.

Maji haya hayazungushi tabaini moja kwa moja. Joto lake hupita kwenye kibadilisha joto na kuchemsha kimiminika kingine, kwa mfano isopenteni, ambayo huchemka kwenye nyuzi 28 kwa shinikizo la kawaida. Isopenteni inawaka, kwa hiyo vihisi vya gesi ni vya lazima. Kama kipoozaji kinatumia hewa, tarajia umeme kushuka sana mchana wa joto: hewa ikipanda kutoka nyuzi 10 hadi 35, tofauti inayoendesha mtambo inapungua kutoka 90 hadi 65.

Kinachosumbua zaidi ni uchafu. Mafuta kidogo yanayosalia kwenye maji hubeba nta, na nta hugandia palepale maji yanapopozwa, yaani ndani ya kibadilisha joto. Chokaa hujijenga shinikizo linaposhuka na kaboni dayoksaidi kutoroka, hivyo weka dawa ya kuzuia magamba hayo kabla ya hapo, au tunza shinikizo mpaka maji yapite. Bari salfeti, aina nyingine ya magamba, hutokea maji ya matabaka tofauti yanapochanganywa. Haiondoki kwa asidi ya kawaida na inaweza kubeba radiamu, metali yenye mnururisho, kwa hiyo anayesafisha apime mnururisho kwanza. Vibadilisha joto vya sahani vina nafasi za milimita chache na huziba haraka. Sisi tungechagua vya mirija, maji machafu yakipita ndani ya mirija, maana mrija ulionyooka unasuguliwa kwa brashi. Na weka njia ya kando yenye vali, ili mtambo ukisimama uzalishaji wa mafuta usisimame nao.

Maji yakiwa chini ya nyuzi 80, fikiria kwanza kutumia joto lenyewe. Viwanja vingi huchoma gesi kupasha mafuta ghafi ili maji yaliyochanganyika nayo yajitenge. Kilowati ya joto iliyookoa gesi hiyo haikupotezewa asilimia 92 njiani.

Kwa umeme mwingi, mafanikio yatatoka kwenye ujuzi wa uchimbaji: visima vya mlalo na kupasua mwamba kwa shinikizo. Mwaka 2023 kampuni ya Fervo ilionyesha Nevada kwamba jozi moja ya visima hivyo inaweza kufikia megawati 3.5, kwenye mwamba wenye nyuzi zaidi ya 190. Kumbukumbu za zamani za visima husaidia kutafuta miamba kama hiyo, ila zisome kwa uangalifu: joto lililopimwa mara tu baada ya kuchimba liko chini ya joto halisi, kwa kuwa tope la kuchimbia, linalozungushwa kisimani wakati wa kuchimba, lilikuwa limekipoza kisima. Tafuta vipimo viwili au vitatu vilivyochukuliwa kwa nyakati tofauti baada ya tope kuacha kuzungushwa, kisha kadiria joto la mwisho kutokana na mwenendo wake.